Msongo wa kazi kwa wauguzi wa magonjwa ya kuambukiza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wauguzi wa Uganda wanaohudumia wagonjwa wa kifua kikuu, Ebola, kipindupindu, surua, mpox na magonjwa mengine ya kuambukiza, kuanzia kituo cha afya cha kijijini hadi hospitali ya rufaa. Mainchaji, yaani wasimamizi wa wodi, na wakubwa wa wilaya nao wasome, maana sehemu kubwa ya msongo huu hutengenezwa kwenye karatasi ya zamu na kwenye stoo, kisha hulaumiwa muuguzi kwamba hana moyo wa kazi.

Nitajuaje kama nimechoka tu au nina msongo wa kazi?

Uchovu wa kawaida huisha ukilala. Msongo hauishi kwa usingizi, na mara nyingi huufukuza usingizi wenyewe. Huanza na mambo madogo: unarudi mara tatu kuangalia kama ulifunga sanduku la sindano, unasahau kama mgonjwa wa kitanda cha nne umeshampa dawa, unamkaripia mama aliyekuja kuuliza tu hali ya mwanawe, tumbo linavuruga kila Jumapili jioni kabla ya zamu ya Jumatatu.

Ukiachwa kwa miezi hugeuka kuwa uchovu sugu wa kazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeutaja katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za afya iliyopitishwa 2019, kwa alama tatu: kuishiwa nguvu kabisa, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona kwamba unachofanya hakizai kitu. Alama ya pili ndiyo inayoonekana haraka wodini. Mgonjwa anapoteza jina na kuanza kuitwa "yule wa kuhara".

WHO haikuuita ugonjwa. Iliuita hali itokanayo na msongo wa kazini ambao haukusimamiwa vizuri. Kwa hiyo ukiambiwa "pumzika tu, sista," una haki ya kuuliza nani atashika zamu yako.

Hofu ya kuambukizwa ni ya kweli, au tunajitisha?

Ni ya kweli. Katika mlipuko wa Ebola wa Gulu mwaka 2000, wauguzi kadhaa wa hospitali ya Lacor walikufa, na Dkt. Matthew Lukwiya aliyeongoza mapambano pale alikufa tarehe 5 Desemba mwaka huohuo. Katika mlipuko uliotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wakafariki. Mlipuko wa Januari 2025 ulitangazwa baada ya muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, kufariki. Yote mitatu ilikuwa ya kirusi cha Ebola aina ya Sudan, na chanjo iliyoidhinishwa ya Ebola ni ya aina nyingine, ya Zaire. Muuguzi anayeogopa amesoma hali ilivyo.

Ila hofu nyingi huelekezwa mahali pasipo na hatari kubwa. Watu huogopa hema la kutengwa, kumbe hemani kila mtu amevaa, kila hatua ina msimamizi, na ugonjwa unajulikana jina. Hatari kubwa iko wodi ya kawaida au chumba cha wagonjwa wa nje, siku mbili tatu kabla ya majibu ya maabara, mgonjwa akitibiwa kama wa malaria na muuguzi akimtoa damu kwa glovu moja au bila glovu. Ukitaka hofu yako ikufanyie kazi, ihamishie hapo: mgonjwa wa homa asiyepata nafuu kwa dawa ya malaria, anayetapika au kutoka damu, au aliyetoka msibani hivi karibuni, mtenge kwanza na umwite daktari. Maswali mengine yasubiri.

Kuvua vifaa vya kinga kunanitia wasiwasi kuliko kuvaa. Ni kawaida?

Ni kawaida, na una sababu. Ukivaa, nguo ni safi. Ukivua, nje pote ni pachafu, mikono inatetemeka kwa uchovu, miwani imejaa mvuke, na umeshakaa ndani kiasi kwamba unataka hewa tu. Makosa huzaliwa hapo.

Kwa vifaa vya aina ya gauni, mpangilio ni huu. Unasimama mbele ya mwenzako anayekusomea hatua moja moja. Usivue peke yako hata kama umevua mara mia. Unasafisha glovu, unavua aproni ukiwa umeinama mbele kidogo ili isiguse mwili. Unasafisha, unavua glovu za nje. Unasafisha, unavua kofia. Unasafisha, unafungua gauni na kulikunja kwa ndani ukienda chini. Unasafisha, unavua miwani kwa kushika mpira wa kisogoni, siyo kioo. Unasafisha, unafungua kamba ya chini ya barakoa, kisha ya juu, na kuiachia iende mbele. Unasafisha, unatoka kwenye gambuti bila kuzishika. Glovu za ndani ndizo za mwisho, kisha mikono yenyewe: sekunde 20 hadi 30 kwa dawa ya spiriti, au 40 hadi 60 kwa sabuni na maji.

Makosa ni yaleyale kila mahali. Wa kwanza anashika miwani kwa mbele kwa sababu jasho linamuwasha jicho. Wa pili anaruka kusafisha glovu kati ya hatua mbili kwa sababu ndoo ya klorini iko mbali. Wa tatu anaharakishwa na foleni nyuma yake. Yote matatu hutatuliwa kwa kupanga eneo: ndoo iwe umbali wa mkono, kioo kirefu ukutani, mtu mmoja kwa wakati, na msomaji wa hatua asiyefanya kazi nyingine. Ukishajua kwamba eneo limepangwa hivyo, nusu ya wasiwasi inaondoka kabla hujaingia.

Muda nao uandikwe. Kwenye joto la hema, dakika 45 hadi 60 zinatosha. Andika saa ya kuingia kwenye ubao wa nje, na aliye nje awe na mamlaka ya kukuita utoke. Kunywa kama nusu lita ya maji kabla ya kuvaa. Kuna wanaojinyima maji ili wasitake choo. Hao ndio wanaozimia ndani, na kumtoa mtu aliyezimia ni hatari kwa wote.

Ngozi ya mikono imepasuka kwa klorini. Niendelee?

Huenda mnatumia dawa kali mno. Klorini ya 0.5% ni ya sakafu, vitanda na uchafu wa mwili. Ya mikono, pale ambapo hakuna sabuni wala dawa ya spiriti, ni 0.05%, yaani nyepesi mara kumi. Klorini ya maji ya 3.5% inayouzwa madukani hutoa 0.5% ukichanganya kopo moja na makopo sita ya maji. Chukua kopo moja la mchanganyiko huo, ongeza makopo tisa ya maji, umepata ya mikono. Andikeni kwa rangi mbili juu ya ndoo, na mchanganye upya kila siku, kwani jua na muda huua nguvu yake. Ngozi iliyopasuka ni mlango wa maambukizi, basi pakeni mafuta kila mwisho wa zamu, na vidonda vifunikwe kabla ya glovu.

Nimechomwa sindano sasa hivi. Nifanye nini?

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usifyonze, usimwagie klorini wala spiriti. Kama damu imekurukia jichoni, suuza kwa maji mengi safi kwa dakika 15. Kisha mwambie inchaji papo hapo na muandike kwenye kitabu: saa, aina ya sindano, kama ilikuwa na tundu, kina cha jeraha, mgonjwa ni nani na hali yake inajulikanaje.

Kwa VVU, hatari ya jeraha moja la sindano yenye damu ya mgonjwa ni kama 0.3%, watu watatu katika elfu. Homa ya ini aina C ni kama 1.8%. Aina B kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30%, na ajabu ni kwamba hiyo ndiyo inayosahaulika. Dawa za kinga za VVU, yaani PEP, zianze ndani ya saa chache na zisipite saa 72, kisha zimezwe siku 28 bila kukatiza. Unapimwa siku ya kwanza na kufuatwa na kliniki kwa miezi kadhaa. Katika muda huo tumia kondomu. Kama hujamaliza chanjo ya homa ya ini B, dozi ianze siku hiyohiyo. Chanjo kamili ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6.

Kinachokwama mara nyingi ni ufunguo. Ajali inatokea Jumamosi usiku, dawa ziko kliniki ya VVU, na mwenye ufunguo amekwenda kijijini. Muuguzi anakaa na hofu hadi Jumatatu, na saa zinahesabika. Dawa ni vidonge vichache: dozi za siku tatu ziwekwe kwenye kabati la wodi au la wodi ya wazazi ambako daima kuna mtu, na nani anazo ibandikwe ukutani.

Sababu nyingine ya kunyamaza ni aibu. Wengi huchomwa wakirudishia kifuniko cha sindano, na wanajua hawakupaswa. Inchaji anayeanza kwa "kwa nini ulifanya hivyo?" hataletewa ajali ya pili. Swali la kwanza liwe "umeshaosha?" Hilo la kwa nini litangoja, na mara nyingi jibu lake ni kwamba sanduku la sindano lilikuwa limejaa au liko mwisho wa wodi.

Kwenye wodi ya kifua kikuu, barakoa ya kawaida inatosha?

Haitoshi. Ya upasuaji mvishe mgonjwa, inazuia matone yake. Wewe unahitaji N95, na ikubane: funika mbele kwa mikono, pumua kwa nguvu, ukihisi hewa puani au mashavuni, irekebishe. Kwenye ndevu haishiki. Madirisha ya pande mbili yawe wazi hata usiku wa baridi ya Kabale, na meza yako ikae upande ambao upepo unaingilia, mgonjwa upande unakotokea. Kikohozi cha wiki mbili, homa, kukonda au jasho la usiku kwako mwenyewe, toa makohozi yapimwe. Wauguzi wengi huchelewa kupimwa.

Zamu zipangwe vipi ili watu wasiishe nguvu?

Hapa ndipo inchaji anapoweza kufanya mengi bila shilingi hata moja. Sheria ya Ajira ya 2006 inaweka saa 48 kwa wiki. Hospitali nyingi hupita hapo, na kila mtu anajua. Lakini hata na watu wachache, mpangilio mzuri na mbaya hutofautiana sana.

Zamu zizunguke kwa kwenda mbele: asubuhi, kisha jioni, kisha usiku. Kurudi nyuma, yaani kutoka usiku kuingia asubuhi, kunavuruga mwili. Usiku usizidi mitatu au minne mfululizo, badala ya ile desturi ya kumpa mtu mwezi mzima wa usiku "amalizane nao". Kati ya zamu na zamu ziwe angalau saa 11, na humo mhesabu safari: anayetoka Mulago kwenda Mukono kwa teksi za jioni ameshapoteza mbili. Usiku, dakika 20 za kulala kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, zinapunguza makosa ya dozi. Na asiyelala asiendeshe pikipiki mwenyewe asubuhi.

Eneo la kutengwa liwe na watu wa kujitolea kadiri inavyowezekana, waingie wawili wawili, mzoefu na mgeni. Mjamzito asipangwe huko. Ratiba ibandikwe wiki mbili kabla. Kinachochosha kuliko saa zenyewe ni kupigiwa simu saa kumi na moja alfajiri kwamba leo ni wewe.

Mgonjwa haelewi lugha yangu. Kwa nini hili linachosha hivi?

Kwa sababu unafanya kazi mbili na unahesabiwa moja. Mpakani Bwera na Kisoro, na kwenye makazi ya wakimbizi ya Kyangwali na Nakivale, wagonjwa wengi kutoka Kongo huzungumza Kiswahili, na muuguzi mmoja anayekijua huitwa kila kitanda, hata siku yake ya mapumziko. Kueleza kwa barakoa na miwani kwa nini mama hawezi kumshika mtoto wake kunahitaji maneno yaliyoandaliwa. Andikeni sentensi 20 za msingi, zikiwemo "Nitakuchoma sindano kidogo", "Ndugu zako wako nje, wanakusalimu", "Unaumwa wapi?", zichapwe kwa herufi kubwa na kufunikwa plastiki. Jina la muuguzi liandikwe kifuani kwenye aproni kwa kalamu nene. Mgonjwa anayeona majitu meupe yasiyo na sura hupigana nayo, na mgonjwa anayepigana huchanika na kuchana.

Nimeguswa na mgonjwa wa Ebola na nafuatiliwa siku 21. Nitazipitaje?

Siku 21 ndiyo muda mrefu wa kirusi kujionyesha. Muda mfupi ni siku 2. Mtu asiye na dalili haambukizi. Pima joto mara mbili kwa siku, saa zilezile, na uandike. Hofu hupanda jioni, na kila joto la jua la mchana hugeuka homa kichwani. Ndiyo maana inasaidia kupima kwa saa na siyo kila ukijisikia vibaya. Kipimajoto kimoja, mkono uleule.

Mwajiri naye ana kazi. Chakula, muda wa simu wa kupigia nyumbani, mtu mmoja wa kukupigia kila siku, na mshahara usiokatwa. Muuguzi anayejua kwamba karantini itamkosesha posho ndiye atakayeficha kwamba aliguswa.

Mwenye nyumba anataka nihame. Majirani wanawaita watoto wangu "wa Ebola".

Wauguzi wengi wanapanga chumba kimoja cha muzigo, yaani kwenye safu ya vyumba vya kupanga, choo na bomba vya pamoja, na uvumi hukimbia kuliko kirusi. Usianze kwa kubishana. Nenda na kiongozi wa LC1, baraza la kijiji, au na mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, anayeaminika, na ueleze mambo matatu: nguo za kazi zinabaki na kufuliwa hospitalini, unaoga kabla ya kutoka, na asiye na dalili haambukizi Ebola. Kwa kifua kikuu sema wazi kwamba kinaenda kwa hewa, siyo kwa sahani wala nguo. Barua fupi yenye muhuri wa hospitali husaidia kuliko maelezo marefu. Hospitali iandike moja na kuwapa wote mwanzoni mwa mlipuko, kabla ya mzozo. Kwa watoto, mwalimu wa darasa aambiwe mapema.

Mgonjwa akifariki, tukae tuzungumze hisia zetu?

Kulazimisha kila mtu asimulie alichoona, mara moja, siku ileile, WHO haishauri. Kuna wanaozidi kuumia. Kinachofaa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia: angalia nani ameelemewa, msikilize anachotaka kusema bila kumchimba, muunganishe na msaada. Chai ya moto na mtu wa kumsindikiza nyumbani ni sehemu yake.

Mwisho wa zamu, dakika kumi za kusimama pamoja: nini kilitokea, kifaa gani kilikosekana, nani atakifuatilia na lini. Kwenye mikutano ya namna hii, lililoandikwa jana lisomwe kwanza leo. Likisomwa siku tano bila kushughulikiwa, watu wataacha kusema, na watakuwa na sababu.

Vifo vya watoto na vya wafanyakazi wenzenu viwe na utaratibu wake. Aliyemhudumia asipangwe kuandaa mwili, na asiwe yeye wa kuwaambia ndugu kwamba hawatamwosha marehemu wao. Kazi hizo mbili zikiangukia mtu mmoja kila mara, ndizo humrudia usiku kama jinamizi.

Pombe kidogo inanisaidia kulala. Kuna ubaya?

Inakulaza upesi na kukuamsha saa tisa za usiku. Baada ya zamu ya usiku, pazia zito au kanga mbili dirishani, simu mbali, na chai au kahawa ya mwisho iwe muda wa saa sita kabla ya kulala. Vidonge vya usingizi kutoka kabati la wodi usiviguse. Hapo ndipo wengine walipoanza.

Naweza kujipima mwenyewe?

Fomu ya PHQ-9, ya kupima sonona, ina maswali tisa juu ya wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukipata 10 au zaidi, nenda ukaonwe. Swali la tisa linauliza kama unafikiria kufa au kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri, mwambie mtu leo, hata kama jumla ni ndogo.

Nimwambie nani bila kazi nzima kujua?

Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Butabika mjini Kampala ndiyo ya taifa. Tatizo ni kwamba kwako kila mtu anakufahamu, na foleni ya kliniki hiyo iko mbele ya geti. Nenda kituo cha jirani, au mwombe afisa wa magonjwa ya akili akuone baada ya saa za kazi. Chama cha wauguzi na wakunga, UNMU, kinaweza kusimama nawe kama kuna mzozo na mwajiri.

Likizo ya ugonjwa inahusu sonona kama inavyohusu malaria: kwa Sheria ya Ajira, mwezi wa kwanza wa kuugua ni mshahara kamili, ukiwa na cheti cha daktari. Na ukiambukizwa kazini, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inakuhusu, ila bila ile kumbukumbu ya kitabuni utahangaika kuthibitisha. Andika siku hiyohiyo, piga picha ya ukurasa.

Wanafunzi na wasafishaji je?

Mwanafunzi asiingie eneo la kutengwa. Mara nyingi hutumiwa kujaza pengo la zamu kimyakimya, na akichomwa hajui aende kwa nani. Msafishaji hubeba taka kali kuliko wote, na glovu anazopewa ni zilezile nyembamba za uchunguzi. Mpe glovu nene za mpira, gambuti, chanjo ya homa ya ini B, na jina lake liwe kwenye orodha ya PEP pamoja na yako.